Mlezi Aliyekataa Kufundisha

Carl Theodor Sørensen alikuwa msanifu wa bustani nchini Denmark, na viwanja vya watoto alivichora mwenyewe. Lakini watoto walimwumbua. Waliviacha viwanja vyake, wakakimbilia kwenye majengo ambayo hayajakwisha, kuchezea mbao, matofali na mabaki ya mafundi. Mwaka 1931 akaandika pendekezo: basi tuwape kiwanja cha taka.

Wazo hilo lilikaa miaka 12. Agosti 1943, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, kiwanja kikafunguliwa Emdrup, Copenhagen, kwenye makazi mapya ya wafanyakazi. Tuta la udongo lilikizunguka, mpita njia asione kitu. Ndani, watoto walichimba mapango na kujenga vibanda kwa mbao chakavu na matofali. Nyundo zilikuwa za kweli, misumari vilevile.

Aliyeninasa mimi ni John Bertelsen, mlezi wa kwanza wa kiwanja hicho. Alikuwa baharia kabla ya kusomea ualimu wa watoto wadogo. Mtu kama huyo ungetegemea awapange watoto mistari, awaonyeshe namna ya kushika nyundo. Wapi! Alisema wazi kwamba hawezi kuwafundisha watoto chochote, na wala hataki. Kazi yake aliiona kuwa ni kutafuta vifaa na kuwapo pale. Wazo la kujenga litoke kwa mtoto, na mtoto ndiye aamue linaishia wapi. Mtu mzima akishaanza kuelekeza, mchezo si wa watoto tena.

Nimelitafakari hilo “wala hataki” kwa muda. Kutojua kufundisha ni jambo moja. Kujizuia huku unaona ukuta unapinda ni jambo jingine kabisa, na linahitaji moyo. Ukuta ukipinda utaanguka. Ukianguka, walioujenga watagombana, kisha watahitajiana, kwa kuwa ubao mrefu haushikwi na kupigiliwa na mtu mmoja. Ushirikiano wa Emdrup haukuwa somo la kuandikwa ubaoni. Uzito wa mbao uliulazimisha.

Miaka baadaye Sørensen alikiri kwamba katika kazi zake zote, kiwanja kile kilikuwa kibaya kuliko zote kwa sura, na kwake kilikuwa bora kuliko zote. Marjory Allen wa Uingereza alikitembelea mwaka 1946, akarudi akiwahimiza wenzake wavigeuze viwanja vya London vilivyobomolewa na mabomu kuwa vya watoto.

Sisi huku Kenya tumekulia magari ya waya na magurudumu ya ndala, tena bila mlezi. Ajabu ni kwamba shule zilipoanza kuagiza katoni na vizibo kwa kazi za mikono za watoto chini ya mtaala wa umahiri, wazazi wengi walilalamika kuwa wao ndio wanaokesha wakibandika.

Na shule zikiiga Emdrup, msumari ukimchoma mtoto, nani atajibu? Mwalimu mwenye darasa lililofurika atawezaje kuwapo kama Bertelsen? Hayo wizara na shule zituambie. La nyumbani ni letu: mzazi, mtafutie mwanao katoni, mpe na gundi, kisha umwache. Kibanda chake kikienda shuleni kimepinda, kiende hivyo hivyo.