Kisu kigumu huweza kuharibiwa na joto la sekunde chache

KISU kinachopoteza makali baada ya siku chache jikoni si lazima kiwe kimetengenezwa kwa chuma duni. Mara nyingi chanzo ni joto lililozidi wakati wa kukisaga, na kosa hilo haliondolewi kwa kinoo.

Suala hilo lina uzito katika mji kama Lokichoggio, Kaunti ya Turkana. Mji huo ulistawi kuanzia mwaka 1989 ulipokuwa kituo cha misaada iliyopelekwa Sudan, lakini biashara ilididimia baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, mashirika mengi yalipohamia Juba. Katika soko dogo, fundi anayeuza kisu kibovu humpoteza mteja asiye na wa kumrithi.

Visu vyenyewe si vigeni kwa Waturukana. Abarait, kisu cha duara kinachovaliwa kifundoni mwa mkono na makali yake kufunikwa kwa ngozi, kimetumiwa tangu zamani kukatia nyama na kujilinda.

Fundi wa leo ana njia mbili. Ya kwanza ni kufua kisu kutokana na springi kuukuu ya lori. Chuma hicho hupashwa moto hadi sumaku ishindwe kukinasa, yaani nyuzi joto 770 hivi za Selsiasi, kisha huongezwa moto kidogo na kutumbukizwa kwenye mafuta. Hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hupashwa tena, safari hii kwa nyuzi 200 hivi kwa muda wa saa mbili, ili kipate ustahimilivu.

Njia ya pili ni kununua bapa ambalo kiwanda kimekwisha kulipitisha katika hatua hizo zote. Fundi hahitaji tanuri, mvukuto wala gunia la makaa ya mathenge. Kazi yake hubaki kulichonga, kulitia mpini na kulinoa.

Hata hivyo, urahisi huo una mtego. Bapa likisagwa kwa mashine bila kupoozwa, ncha yake nyembamba hupata moto upesi. Rangi ya manjano ya majani makavu ni onyo. Ikigeuka buluu, joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu umetoweka mahali hapo. Kuifuta rangi kwa msasa huficha kosa tu. Dawa ni kuwa na ndoo ya maji kando, kusaga kidogo kidogo, na kulichovya bapa kabla halijawa moto kiasi cha kushindwa kushikwa kwa vidole vitupu.

Aidha, msuka, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini, hautobolewi kwa keekee ya kawaida iwapo nao umekazwa. Ni vyema kuchagua bapa lenye matundu tayari. Mti wa mpini nao uwe umekauka kabisa, kwani katika ukame wa Turkana mti mbichi hunywea na kulegeza ribiti.

Mwisho, makali hunolewa kwa mshazari wa nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Mnunuzi naye anaweza kupima: tupa ikipitishwa taratibu karibu na makali na kuteleza bila kuuma, chuma bado ni kigumu. Ikiuma kwa urahisi, kisu hicho kitarudi kwenye kinoo kila siku.