Kutengeneza, kufufua au kurejesha? Vitenzi vya mashine za kale

Makala kuhusu watu wanaotunza na kuendesha minikompyuta za kale kwa mapenzi tu zinapofasiriwa kwa Kiswahili, kosa huanzia kwenye jina. "Kompyuta ndogo" humfanya mwanafunzi wa Ruangwa afikirie kitu cha kubebwa mkononi. PDP-8, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation mwaka 1965, iliitwa ndogo kwa kulinganishwa na mitambo iliyojaza chumba. Yenyewe ilikaribia ukubwa wa jokofu dogo. Heri kuandika *minikompyuta* na kueleza mara moja.

Kitenzi ndicho kigumu zaidi. *Kutengeneza* hutazama matokeo: fundi akitengeneza pampu, maji yakatoka, hakuna anayeuliza kama boliti ni ileile. *Kukarabati* hukubali vipuri vipya bila kinyongo. *Kufufua* hudai tu kwamba kilichokufa kifanye kazi tena. Husemwa kiwanda cha korosho kimefufuliwa hata kama mashine zote ndani yake ni mpya. Mtego mbaya ni *kuhuisha*. Katika lugha ya ofisi na ya programu neno hili sasa humaanisha kuingiza taarifa au toleo jipya, jambo ambalo mpenzi wa mashine ya kale hulikwepa kabisa.

Kinachobaki ni *kurejesha*, lakini kitenzi hiki hakisimami peke yake: kurejesha katika hali ipi? Nachingwea ina mfano mzuri. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliichagua sehemu hiyo pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya mradi huo kampuni ya Vickers-Armstrongs iliunda matrekta yaliyoitwa Shervick, kwa kutumia vipuri vya vifaru vya Sherman. Tuseme mtu amepata moja leo. Akilirejesha kuwa trekta, amelirejesha. Akilirudisha kuwa kifaru, *amelibadili*, ingawa chuma kilianza maisha kama kifaru.

Minikompyuta huleta swali hilohilo. Mashine iliyofanya kazi maabara kwa miaka mingi huongezewa kadi na nyaya, na kalamu za mafundi huacha alama mlangoni. Ukiirejesha "kama ilivyotoka kiwandani" unafuta hayo yote. Ukiirejesha "kama ilivyokuwa siku ilipozimwa" unayalinda. Mfasiri anayeandika "imerejeshwa" na kuishia hapo amemnyima msomaji habari kuu. Aongeze hali, hata kama matini asilia imeinyamazia na inabidi aulize.

Mpangilio wa vitenzi nao una uzito. *Kuwasha* huja mwisho. Kwanza ugavi wa umeme hutenganishwa na kadi, kapasita hukaguliwa, volti hupimwa. Kumbukumbu ya PDP-8 ilifumwa kwa vipete vya feraiti ambavyo hushika yaliyomo hata umeme usipokuwapo, hivyo programu ya mwisho huenda bado imo. Volti ikiyumba, inaweza kuharibika kabla hakuna aliyeisoma. Nimeona tafsiri iliyofupisha hatua hizo kuwa "iwashe, kisha ipime"; mwenye mashine akiifuata hatapata fursa ya pili.

Mashine ikishawaka, tumia *kuendesha*: "Anaiendesha kila Jumamosi." Kusema "anaitumia" kungeashiria kwamba ana kazi ya kuipa, na mara nyingi hana.