Boulder: Upepo Ukigeuka, Msimu Hugeuka

Katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, hakuna anayekunja koti lake na kulifungia kabatini eti kwa sababu Machi imeingia. Leo mchana watu wanatembea na fulana, joto likikaribia nyuzi 20. Kesho asubuhi magari yamefunikwa theluji. Mgeni hudhani hayo ni mabaki ya majira ya baridi. Sivyo. Kwa wastani, Machi ndio mwezi wenye theluji nyingi kuliko yote mjini hapa, Januari ikiwemo, na kinachoichochea theluji hiyo ni ujio wa joto lenyewe.

Boulder iko mita 1,655 juu ya usawa wa bahari, pale tambarare zinapokoma na Milima ya Rocky inaposimama ghafla. Magharibi, mwendo usiofika kilomita 40, kuna vilele vinavyozidi mita 4,000. Mashariki ni nchi wazi hadi Kansas. Ndiyo maana mtabiri wa hali ya hewa hapa huanza na swali moja: upepo unatoka wapi?

Ukitoka magharibi, umekwisha kumwaga unyevu wake ng'ambo ya milima. Unaposhuka kuelekea mjini, hewa hugandamizwa na kupata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Upepo huo mkavu huitwa chinook, nao huyeyusha theluji kwa saa chache tu.

Ukitoka mashariki, mambo ni mengine kabisa. Mgandamizo mdogo wa hewa ukijikita kusini-mashariki mwa Colorado, pepo huuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, na upande wake wa kaskazini husukuma hewa moja kwa moja kwenye ukuta wa milima. Hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu, mvua au theluji. Aliyepanda kutoka Moshi kwenda Marangu wakati wa masika ameiona kazi hiyo: mjini manyunyu, juu mvua ya kweli.

Januari hewa ya tambarare huwa baridi mno, haibebi mvuke mwingi. Kufikia Machi na Aprili, hewa inayotoka Ghuba ya Mexico imeanza kupata joto na kujaa unyevu, ilhali angani juu bado ni baridi kali. Viwili hivyo vikikutana mlimani, theluji hushuka kwa wingi wa kutisha. Tarehe 14 na 15 Aprili 1921, huko Silver Lake, milimani magharibi mwa Boulder, ilipimwa sentimita 193 ndani ya saa 24. Machi 2003 jiji jirani la Denver lilipata zaidi ya sentimita 80 katika siku tatu.

Kutabiri dhoruba hizi ni kazi ngumu, hata kwa mji wenye Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Angahewa kilichoanzishwa mwaka 1960. Nyuzi moja au mbili za joto huamua kama kitakachoanguka ni mvua au theluji. Kiini cha mgandamizo kikihama kidogo tu, dhoruba huwapita watu kando.

Hata hivyo, theluji hii inastahili shukrani nyingi kuliko inazopata. Ile ya 2003 iliikuta Colorado imechoshwa na ukame mkali wa 2002. Na bonde lile la Silver Lake ni sehemu ya chanzo cha maji ya Boulder: kinacholundikana huko Aprili huyeyuka taratibu na kufika kwenye mabomba ya nyumba wakati wa kiangazi.

Lakini vinavyoumia zaidi ni miti na bustani. Theluji ya Mei ni nzito, imejaa maji, na huikuta miti imekwisha kuchanua majani yanayoishika. Matawi huvunjika usiku kucha. Wenyeji hutoka na fagio kuyakung'uta kabla hayajaelemewa, na wakulima wa bustani wenye uzoefu hawahamishii miche ya nyanya nje mpaka Mei ifike katikati. Hata baada ya hapo, huweka mashuka ya zamani karibu na mlango ili kuifunika.