Mafuta yaliyozunguka mishipa ya moyo yanavyofichua hatari mapema

Mtu anaweza kupimwa moyo, akaambiwa mishipa haijaziba, kisha baadaye akapata mshtuko wa moyo. Inawezekanaje?

Kwa kawaida, picha ya CT scan huonyesha mahali ambapo mshipa umeshakuwa mwembamba. Lakini hatari huanza kabla ya hapo, ukuta wa mshipa unapovimba. Mshipa uliovimba hutoa kemikali zinazoyafikia mafuta yaliyouzunguka. Seli za mafuta hayo hushindwa kuhifadhi mafuta vizuri, na sehemu hiyo huwa na majimaji zaidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walibuni njia ya kupima badiliko hilo kwenye picha ileile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa karibu 4,000 wa Ujerumani na Marekani. Waliokuwa na dalili hiyo walikabiliwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo mara 5 au zaidi.

Wengi wetu tuko mbali na mashine hizo. Hata hivyo, presha, kisukari na tumbaku huharibu mishipa hiyohiyo. Tupime presha na sukari, tuache tumbaku, na kifua kikibana tuwahi hospitali.