Umeme upi? Kutenganisha maneno katika uchanganuzi wa saketi

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wanaosoma Kiswahili katika idara yetu husema "umeme ni mdogo leo", "umeme unapita kwenye waya" na "pasi inakula umeme". Sentensi zote tatu ni Kiswahili fasaha. Hata hivyo, ya kwanza inahusu volteji, ya pili mkondo, na ya tatu nishati. Katika mazungumzo hakuna hasara, bali katika saketi asiyevitenganisha hupotea mapema.

Volteji ni msukumo wa betri au jenereta, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja, nao hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni kizuizi cha mkondo, nao hupimwa kwa omu. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni inayoviunganisha: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani.

Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff alitoa kanuni mbili zaidi. Kwanza, mkondo wote unaoingia kwenye kiungo ni sawa na wote unaotoka. Pili, ukizunguka kitanzi kizima, volteji ya chanzo ni sawa na jumla ya volteji zinazotumika njiani.

Tuchukue betri ya volti 12 na rezista mbili, za omu 2 na omu 4. Zikifungwa kwa mfuatano, ukinzani ni omu 6 na mkondo ni ampea 2 kila mahali. Mkondo hauliwi na rezista ya kwanza. Kinachogawanyika ni volteji: 4 kwa ya kwanza, 8 kwa ya pili. Zikifungwa sambamba, kila moja hupata volti 12 kamili. Sasa kinachogawanyika ni mkondo: ampea 6 na ampea 3, na betri hutoa jumla ya ampea 9.

Hesabu hii ina maana kubwa hostelini. Vifaa vya nyumbani hufungwa sambamba. Hapa Uganda, kwenye volti 240, pasi ya wati 1,200 huchukua ampea 5 na birika la wati 2,400 huchukua ampea 10. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni ya ampea 13, waya wake hubeba ampea 15. Volteji haikuongezeka hata kidogo. Uliozidi ni mkondo, na mkondo ndio unaopasha waya joto hadi kuungua. Fyuzi ikiwapo hukata. Mtu akiiziba kwa kipande cha waya, ameondoa kinga yenyewe.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi, na wenzetu wanaotafsiri vitabu vya sayansi: mkikutana na neno "umeme" katika swali, ulizeni kwanza kipimo chake. Kama ni volti, andikeni volteji. Kama ni ampea, andikeni mkondo. Baada ya hapo hesabu huwa nyepesi.