Mtandao wa tawini mzito? Jua nakala za data ziwekwe wapi

Chukulia wafanyakazi 15 wa tawi moja wanafungua faili lilelile la MB 40 lililoko kwenye seva ya makao makuu. Laini ya intaneti itabeba MB 600. Kumbe faili lingeweza kuvutwa mara moja tu, wengine wakachukua nakala hapohapo tawini.

Nakala hiyo ya karibu ndiyo kache. Kazi ni kuchagua pa kuiweka.

Kwenye seva

Programu kama Redis na Memcached huweka kwenye RAM majibu yanayoulizwa mara kwa mara, ili hifadhidata ipumue. Inafaa seva ikielemewa. Lakini kwa tawi lililo mbali, data bado inasafiri njia ileile.

Kwenye tawi

Mwaka 2009, Microsoft ilileta BranchCache pamoja na Windows 7 na Windows Server 2008 R2. Ina njia mbili:

- Kompyuta za tawi kugawana nakala zenyewe kwa zenyewe. Hakuna seva ya kununua, inafaa ofisi ndogo. Tatizo: mwenye nakala akizima kompyuta yake, wenzake wanaikosa.
- Seva moja ya tawi kutunza nakala zote. Ina gharama, ila nakala zinapatikana hata kompyuta za wafanyakazi zikizimwa.

Kwenye kompyuta ya mtumiaji

Windows ina huduma iitwayo Offline Files. Mafaili uliyochagua yanakaa kwenye diski yako, unafanya kazi bila mtandao, kisha yanaoanishwa na seva mtandao ukirudi.

Wengi wanakosea wapi?

BranchCache haiokoi ofisi mtandao ukikatika kabisa. Kabla ya kufungua nakala, kompyuta huuliza kwanza seva ya makao makuu: faili limebadilika? Huyu anaruhusiwa kulisoma? Bila jibu, hakuna faili.

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Kwa siku kama hiyo, ofisi ambayo seva yake iko nje ya nchi inahitaji nakala zilizo ndani ya kompyuta zenyewe.

Uchague ipi?

- Seva imeelemewa: kache ya RAM.
- Mtandao upo ila mzito: kache ya tawi.
- Mtandao unakatikakatika: nakala kwenye kompyuta.

Angalizo: nakala huzeeka. Wawili wakihariri faili moja bila mtandao, mabadiliko yatagongana na itabidi mtu aamue lipi libaki. Salio la mteja au idadi ya mzigo stoo visomwe moja kwa moja kwenye seva, la sivyo utauza bidhaa iliyokwisha tangu asubuhi.