Saa 2 za Kunyonyesha, Kilomita 20 za Barabara

Kisesa iko takriban kilomita 20 mashariki ya jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Magu na Musoma. Kwa watafiti wa afya jina hili ni mashuhuri: tangu mwaka 1994 kaya za hapa zimekuwa zikifuatiliwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hususan kuhusu maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Kwa waajiri wa jijini, Kisesa ni mahali wanakolala baadhi ya wafanyakazi wao. Alfajiri daladala huwachukua kuelekea Igoma, Nyakato na mjini kati, viwandani, madukani na mawodini, jioni huwarudisha. Kabla ya safari ya kwanza na baada ya ile ya pili ipo kazi isiyoandikwa katika mkataba wowote: kuteka maji, kupika, kufua, kuogesha watoto, kumsindikiza mzee kliniki, kumwamsha mgonjwa ameze dawa.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi hii isiyolipwa hutumia saa bilioni 16.4 kila siku, na kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa hizo. Takwimu hizo ni kubwa mno kuingia akilini. Ni afadhali kumtazama mama mmoja anayerejea kazini baada ya kujifungua, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya nyumbani na kazi ya mshahara hugongana waziwazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu anyonyeshe ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Siku 84 ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Kwa hiyo nusu ya muda huo inaangukia mama akiwa kazini. Dozi ya tatu ya chanjo ya pentavalenti, inayotolewa wiki ya 14, nayo inaangukia wiki mbili tu baada ya likizo kwisha, wakati ambapo mfanyakazi aliyerudi juzi huona haya kuomba ruhusa tena.

Sasa mtoto yuko Kisesa kwa bibi yake, na mama yuko ufukweni mwa ziwa akikata minofu ya sangara. Saa 2 za sheria zinamsaidia nini? Kusubiri daladala, kwenda, kunyonyesha na kurudi hakutoshi ndani ya muda huo. Wapo waajiri wanaozitoa saa hizo kwa kumruhusu mama aondoke mapema jioni, na hilo ni jema kuliko kutozitoa kabisa, lakini titi halisubiri jioni. Maziwa yasipotolewa mchana, titi hujaa na kuuma, huweza kuvimba na kupata maambukizi, na baada ya siku kadhaa mwili hupunguza kuyatengeneza. Nyumbani bibi, kwa nia njema, humpa mtoto uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe. Wiki chache baadaye mtoto huyo yuko kliniki akiharisha, na mama ameomba ruhusa ya siku nzima. Mwajiri aliyedhani ameokoa saa 2 amepoteza 8.

Dawa ya kwanza si ghali. Ni chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, kiti, maji ya kunawa, sabuni na jokofu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama hadi saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Mchana wa Mwanza mara nyingi huvuka nyuzi hizo, kwa hiyo jokofu si anasa. (Kiwanda chenye vyumba vya baridi vya kuhifadhi samaki kwa tani hakiwezi kudai kwamba umeme wa jokofu moja dogo, lililotengwa mbali na samaki, utakifilisi.) Jioni mama hubeba maziwa yake katika chombo safi chenye mfuniko, akiyazungushia barafu, na kesho yake bibi humnywesha mtoto kwa kikombe, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Nchini Kenya jambo hili halikuachiwa hisani ya mwajiri: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini.

Mtoto akishaanza kutambaa, swali hubadilika. Ziwa liko karibu, na majiko ya mkaa yako kila pembe. Katika ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu kuzama majini, Shirika la Afya Duniani liliyataja malezi ya mchana, katika sehemu salama iliyo mbali na maji, miongoni mwa njia za kuokoa watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Kampuni kubwa inaweza kuwa na kituo chake, kama Safaricom ilivyofanya Nairobi. Duka la nguo la Kisesa lenye wasichana wawili haliwezi, wala mama lishe aliyeajiri msaidizi mmoja. Lakini wenye maduka, mafundi cherehani na mama lishe wa soko moja wanaweza kuchangia kituo kimoja cha kulelea watoto mchana, kilichosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, chenye mlezi aliyefunzwa na choo cha watoto. Kifungue mlango kabla daladala za alfajiri hazijaondoka. Kituo kinachofunguliwa saa 2 asubuhi hakimfai anayeanza zamu saa 1.

Ratiba ya zamu ni dawa nyingine, na haina gharama yoyote. Mfanyakazi anayejua leo zamu zake za wiki mbili zijazo anaweza kupanga siku ya chanjo na siku ya kumpeleka baba yake kupimwa shinikizo la damu. Anayeambiwa jioni kwamba kesho anaingia alfajiri hawezi, hata akiwa na bosi mpole kiasi gani.

Kuhusu wazee na wagonjwa, sheria ya 2004 kama ilivyotungwa ina pengo. Inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Kwa mwenza, mzazi, babu au bibi, siku hizo zinatajwa kwa msiba tu. Yaani mama mzazi akilazwa kwa kiharusi, mwanawe hana siku hata moja ya kumuuguza kwa kifungu hicho. Akifariki, anazo 4. Mwajiri hakatazwi kuliziba pengo hilo kwa kanuni zake mwenyewe, na waajiri wenye busara hufanya hivyo. Baba wa mtoto mchanga ana siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mkewe akiwa amejifungua kwa upasuaji, siku hizo huweza kwisha kabla hajaweza kuinama na kunyanyua ndoo. Kampuni inayomwongezea baba wiki moja humpunguzia mama ndoo hizo, na pia huwazoesha wafanyakazi wengine kuona mwanamume akiomba ruhusa ya kulea bila kuchekwa.

Hospitali nazo ni waajiri, tena wenye zamu za usiku. Sheria hiyohiyo inakataza mjamzito kupangiwa kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, na mama aliyejifungua katika miezi 2 baada yake. Muda huo unaweza kurefushwa kwa cheti cha daktari iwapo afya ya mama au ya mtoto hairuhusu. Ni wauguzi wangapi wanaowaandalia wagonjwa vyeti hivyo bila kujiombea wenyewe?

Kliniki pia ina sehemu yake. Wagonjwa wa VVU wa Kisesa walipoanza kupata dawa katika kituo cha afya cha hapohapo badala ya kufunga safari hadi Bugando, aliyepona safari hakuwa mgonjwa peke yake, bali na ndugu aliyemsindikiza. Anayeendelea vizuri akipewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, yule ndugu hurejeshewa siku za kazi. Kadi ya miadi yenye saa, si tarehe pekee, hufanya vivyo hivyo. Na mama anapokuja kwa chanjo ya wiki ya 10, muuguzi anaweza kumwuliza maswali mawili: unarudi kazini lini, na mtoto atabaki na nani? Bado zimesalia wiki mbili za kumfundisha kukamua kwa mkono, kumwita bibi aonyeshwe kikombe, na kumwandikia mwajiri barua fupi inayotaja saa 2 za kunyonyesha na tarehe ya chanjo ya wiki ya 14.